Mtama wa Kikombe

Mstari wa bajeti huchorwa kwa namba mbili: kipato na bei. Ukizijua zote mbili, unajua mpaka ambao mnunuzi hawezi kuuvuka; na ukichora mistari ya wanunuzi wawili kwenye karatasi moja, unaona bila ubishi nani ana uwezo zaidi wa kununua. Nilifundishwa hivyo chuoni Eldoret, nami nikafundisha hivyo kwa miaka mitatu kabla ya kuajiriwa Juba. Sina ugomvi na kanuni hiyo hata sasa. Nilikosea namba moja.

Shirika letu lilikuwa likitoa pesa kila mwezi, kwa kadi, kwa kaya mia tatu za Mangateen, kambi ya waliohama makwao, na za mtaa wa Hai Malakal. Mwezi wa Februari wafadhili walipunguza fungu, ikabidi kaya sitini zitoke. Mkuu wa mradi, Cyrus, Mkenya mwenzangu, alinipa wiki mbili nimtafutie njia ya kuzichagua.

"Nataka kitu ambacho mtu akija hapa kunipigia kelele, namwonyesha karatasi," aliniambia. "Si huruma, Zilpah. Huruma kila mtu ana ya kwake."

Nilikubaliana naye.

Njia yenyewe ilikuwa hivi. Tulichukua kipato cha kaya kwa mwezi, bila msaada wetu, tukakigawa kwa bei ya malwa moja ya mtama. Malwa ni kopo kubwa la bati linaloingia kilo tatu na nusu. Ndilo wafanyabiashara wa Juba hupimia nafaka, na bei yake ndiyo tuliyokuwa tukiikusanya kila Jumanne. Jibu tuliligawa kwa idadi ya watu wanaokula katika kaya hiyo. Waliopata malwa tano au zaidi kwa kila mtu walitoka. Waliopungukiwa walibaki.

Kumweleza Cyrus nilitumia kaya mbili. Eseza, Mganda wa Hai Malakal, alikuwa akifulia familia mbili na kulipwa mwisho wa mwezi, pauni 230,000. Nyadak, mjane wa Mangateen, aliosha vyombo katika mkahawa kwa pauni 9,000 kwa siku, siku ishirini na sita kwa mwezi, jumla 234,000. Kila mmoja alikuwa na watu wanne. Malwa ilikuwa pauni 9,000. Nilipoichora mistari yao ilikaribiana hata kalamu ikashindwa kuitenganisha. Wa Nyadak ulikuwa nje kwa unywele.

"Hawa ni pacha," Cyrus alisema.

"Karibu. Nyadak ana nafuu kidogo."

Wote wawili walitoka.

Orodha ilibandikwa Jumatatu moja ya Machi. Siku iliyofuata nilikwenda Mangateen pamoja na Aguer, mkusanyaji wetu wa bei, mtu wa miaka thelathini na kitu aliyesomea Nakuru na kurudi nchini kwao akiwa na Kiswahili kizuri kuliko changu. Nyadak alikuwa ameketi mbele ya kibanda chake cha turubai akichambua kudra, mlenda wa Juba. Kakuma alikaa miaka kumi na mmoja, na Kiswahili chake ni cha kambini: kifupi, hakina mapambo.

"Madam, nimeona," alisema. "Jina limetoka."

Nilimweleza sababu. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali moja tu: kama kuna rufaa. Nilimwambia ipo, wiki mbili, na kwamba kamati ya kambi hupita bila taarifa kukagua kaya za waliokata rufaa.

"Nitaandika rufaa. Wakikataa, nampeleka Nyagach Uganda."

Nyagach ni binti yake wa kwanza, wa miaka tisa. Wengine katika kaya hiyo ni mvulana wa miaka minne na mama wa marehemu mumewe, bibi asiyesikia vizuri. Kuna mke wa shemeji katika makazi ya wakimbizi Kiryandongo, Nyadak alinieleza, ambaye yuko tayari kumwandikisha mtoto mmoja katika kadi yake ya chakula.

"Mmoja tu?"

"Mmoja, na awe wa kufanya kazi. Huyu mdogo hawezi hata kuchota maji." Aliendelea kuchambua mboga. "Nikiwa na kadi yenu, nalisha wanne. Bila kadi nalisha watatu. Hiyo ni hesabu, Madam, si wewe ni mtu wa hesabu?"

Hakusema kwa kejeli. Nilimjibu kwamba kwa mujibu wa namba zetu pauni 234,000 zingewatosha wanne, kwa shida, lakini zingewatosha. Aliniangalia, kisha akamwangalia Aguer, na Aguer akaangalia viatu vyake.

Wakati huo Nyagach alirudi kutoka sokoni. Alibeba mfuko mweusi wa plastiki uliofungwa fundo, mdogo kama ngumi mbili za mtu mzima. Alimpa mama yake, kisha akasema kwa Kiswahili, nadhani ili nami nisikie:

"Vikombe vitano. Lakini yule mama ameweka kidole ndani tena."

"Ndani ya nini?" nilimuuliza.

"Ndani ya kikombe. Akipima anashika hivi." Alinionyesha: kidole gumba ndani, vidole vinne nje. "Nikimwambia toa, anasema kidole chake hakili mtama."

Aguer alicheka. Mimi nilimuuliza kikombe ni bei gani.

"Mia saba hamsini," alijibu Nyagach.

Nilikuwa na mizani ndogo ya jikoni kwenye mkoba, ya kuhakiki vipimo. Nilipima mtama wa mfuko ule, kisha nikaujaza kwenye kikombe cha Nyadak cha aina ileile. Bila kidole, kikombe kamili kilitoa gramu mia moja tisini na nne. Vikombe kumi na vinane ndivyo vinavyojaza malwa moja. Kumi na vinane mara mia saba hamsini ni 13,500. Malwa ileile iliyoandikwa 9,000 kwenye fomu yangu ilimgharimu Nyadak mara moja na nusu, na hapo sijahesabu kidole.

"Kwa nini hununui malwa nzima?" nilimuuliza. "Ungeokoa pauni elfu nne na mia tano kila mara."

"Nalipwa elfu tisa jioni. Makaa, maji, mafuta ya kupima, mtama. Hiyo malwa nitainunua na pesa ya nani?"

"Ungeweka kidogo kidogo."

"Na pia malwa inaonekana," alisema.

Nilidhani anazungumzia wezi. Niliandika hivyo kwenye daftari: *usalama*.

Tulipokuwa tukirudi kwenye gari nilimuuliza Aguer kama alijua kwamba watu wa Mangateen hununua kwa kikombe.

"Kila mtu anajua, Madam."

"Miaka miwili unanipa bei za huku. Hukuwahi kusema."

"Fomu inauliza malwa. Nikiulizwa malwa nasema malwa." Alitembea hatua chache. "Ungeuliza kikombe ningekuambia kikombe. Hata makaa hawanunui gunia. Wananunua ya sufuria moja."

Fomu niliitunga mimi.

Nilirudia hesabu ofisini. Kwa bei anayolipa Nyadak kweli, kipato chake kilinunua malwa kumi na saba na theluthi moja, si ishirini na sita. Kwa watu wanne, malwa nne na robo hivi kwa mtu. Alikuwa chini ya mstari. Nilimpigia Eseza simu: yeye akilipwa mwisho wa mwezi hununua nusu gunia mara moja, na bei yake kwa malwa ilikuwa hata chini ya elfu tisa. Wale niliowaita karibu pacha walitengana kwa malwa nane kwa mwezi, karibu kilo ishirini na tisa za nafaka, na aliyekuwa maskini zaidi ndiye niliyeandika kwamba ana nafuu. Kadiri mtu alivyopata pesa zake kwa vipande vidogo, ndivyo alivyouziwa ghali. Jambo hili limo katika vitabu vyote vya somo langu, nami nimelisahihisha katika mitihani ya watu wengine.

Nilimpelekea Cyrus kurasa mbili. Alizisoma mara mbili, kwa sababu ni mtu makini.

"Uko sahihi," alisema. "Na orodha imesainiwa. Siwezi kuifungua kwa ajili ya njia mpya. Nikiifungua kwa mmoja naifungua kwa sitini. Mzunguko ujao, Juni, tutatumia bei ya kikombe. Huyu mama amekata rufaa?"

"Amekata."

"Basi rufaa ifanye kazi yake. Kamati ikimwona hana kitu, anarudi."

Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja za rufaa, na hata akishinda, kadi isingejazwa kabla ya mwezi kwisha. Nilitafuta namna ya kuziba pengo hilo, nikafikiria kama nilivyozoea kufikiria. Tatizo la Nyadak lilikuwa bei; dawa ya bei ni kipimo kikubwa. Gunia la kilo hamsini lingempa mtama kwa pauni 7,700 kwa malwa. Kwa vikombe vyake vitano kwa siku lingedumu zaidi ya siku hamsini, na katika siku hizo angeweza kuweka akiba ya kununua kwa malwa mwenyewe. Kanuni za kazi zinatukataza kumpa zawadi mtu aliye kwenye orodha. Nilijiambia kwamba hayumo tena kwenye orodha.

Jumamosi nilikwenda soko la Malakia kwa Nuradin, Msomali wa Garissa ninayenunua kwake mchele.

"Gunia zima?" aliuliza. "Dada, umeolewa bila kutuita, au umefungua hoteli?"

"Linakwenda Mangateen."

Aliacha kuandika. "Basi nikupasulie. Kilo mbili mbili, mifuko myeusi. Wote wanaopeleka huko huniambia nipasue."

"Kwa nini?"

"Sijui kwa nini. Najua wanasema pasua, napasua."

"Na gharama?"

"Mia tatu kila mfuko, na kazi."

Mifuko ishirini na mitano mara mia tatu ni 7,500: karibu malwa moja nzima ya mtama kutupwa kwenye plastiki. Nilikataa. Nilimlipa 110,000, nikampa mwenye boda nauli yake, na gunia likaenda Mangateen saa nne asubuhi, limefungwa nyuma ya pikipiki, jeupe, lenye maandishi ya bluu yanayosomeka kutoka ng'ambo ya barabara.

Nyadak alinipigia siku hiyo hiyo. Alishukuru kwa maneno machache. Kisha akasema, "Madam, ungeniuliza."

"Kuna shida?"

"Hakuna shida. Asante."

Siku ya tano baada ya gunia kufika, kamati ya kambi ilipita. Fomu yao ina maswali kumi na mawili. La tisa linauliza kama ndani mwa kaya kuna akiba ya chakula inayozidi kilo ishirini. Jibu la ndiyo linatosha kufunga rufaa. Swali hilo nililijua. Nilipokuwa nikinunua gunia nilifikiria matumizi ya siku kwa siku. Haikunijia kwamba kabla hayajawa matumizi yangekuwa akiba, gunia limesimama wima kando ya kitanda cha bibi. Walikuta kilo ishirini na sita, kwa kukadiria. Walijaza ndiyo.

Kilo ishirini na nne zilikuwa zimeshakwenda. Aguer ndiye aliyenieleza, ndani ya gari, bila kunitazama.

"Wale watu wa ukoo wa mumewe ndio walimtoa Bentiu wakati wa mafuriko, Madam. Walimbeba yeye na huyo bibi. Gunia likiingia kwake, wanakuja. Si kuomba. Wanakaa tu, wanapika pamoja. Atawaambia nini?"

"Awaambie ni la watoto."

"Hiyo haisemwi."

"Na kikombe?"

"Kikombe hakiiti mtu. Nani atakuja kula kikombe?"

Nilikumbuka nilivyoandika *usalama*.

Nilimwandikia Cyrus siku hiyo kwamba gunia lilikuwa langu. Aliniita.

"Sasa nina matatizo mawili," alisema. "La kwanza, umevunja kanuni, na nitakupa barua. La pili, siwezi kumrudisha mtu kwenye orodha kwa neno la mfanyakazi aliyempa zawadi. Hata kama ni kweli. Hasa kama ni kweli."

"Kamati ingeambiwa kwamba chakula kile si akiba yake."

"Kamati iliona gunia. Wewe ungekuwa kamati, ungeandika nini?"

Ningeandika ndiyo. Nilimwambia hivyo. Barua ya onyo imo kwenye faili langu. Haina kosa la kisarufi wala la ukweli.

Mtama uliisha siku ya kumi na moja. Majibu ya rufaa yalitoka siku ya kumi na mbili. Nilikwenda Mangateen kumpa Nyadak pesa taslimu, safari hii kimya, ndani ya bahasha. Alizipokea, akazihesabu, akaniambia zinatosha nauli.

"Sikuleta nauli," nilisema. "Nimeleta za kula."

"Za mwezi mmoja. Na mwezi wa pili utaleta? Na wa tatu?" Aliikunja bahasha. "Shule zimefunga wiki hii. Kuna mama wa hapa anakwenda Kiryandongo Alhamisi. Akienda bila Nyagach, sijui mwingine atakwenda lini."

Nyagach alikuwa nje akimsuka mdogo wake nywele ambazo zilikuwa fupi mno kusukwa. Nilimuuliza kama anajua anakoenda.

"Uganda. Huko wanapima na mizani," alisema. "Mama amesema. Hakuna kidole."

Aliondoka Alhamisi. Sikuwepo. Aguer aliwapeleka hadi kituo cha basi kwa gari la ofisi, ambalo pia ni kinyume cha kanuni, na hakuniambia hadi wiki iliyofuata.

Mwezi wa Juni ulipofika, fomu ilikuwa mpya. Safu ya kikombe ilikuwepo kwa mtama, safu ya sufuria moja kwa makaa, safu ya kifuko kwa mafuta. Nilikuwa nimeuliza kikombe, na Aguer aliniambia kikombe, katika masoko sita, kwa miezi mitatu. Cyrus alisema ni kazi bora kuliko zote nilizowahi kumpa, na kwa kuwa ni mtu makini, naamini alimaanisha.

Mangateen tulipita pamoja, mimi na Aguer, kaya kwa kaya. Kwa Nyadak tulifika kabla ya saa sita, siku yake ya mapumziko. Kipato kilikuwa kilekile. Kikombe kilikuwa bado mia saba hamsini. Aguer aliuliza maswali, mimi nikaandika.

"Watu wangapi wanakula hapa?"

Nyadak aligeuka kuangalia ndani ya kibanda. Aguer aliinua kichwa.

"Mtu akisafiri tu, Mama, halafu atarudi, tunamwandika," alisema. Si kweli. Aliye nje zaidi ya siku thelathini haandikwi, na Aguer ndiye aliyewafundisha wakusanyaji wengine kanuni hiyo. Mimi ndiye niliyekuwa nimeshika kalamu. Ninajua nilichokuwa nikisubiri kusikia, na ninajua ningekiandika.

"Watatu," alisema Nyadak.

"Nyagach atarudi likizo, si ndiyo?"

"Jina lake liko kwa kadi ya kule. Alama za vidole pia. Mkimwandika hapa, siku moja watalinganisha hizo orodha zao, wamtoe kule. Na hapa pia wamtoe. Atakula wapi?" Alimgeukia Aguer kama anayemkumbusha mtu jambo analolijua. "Anakula kwa watu. Andika watatu."

Niliandika tatu.

Hesabu haikuhitaji kikokotoo. Malwa kumi na saba na theluthi, kugawa kwa tatu, ni malwa tano na robo tatu kwa mtu. Mpaka ni tano. Machi, akiwa na wanne na kwa bei sahihi, alistahili kadi. Juni, kwa bei sahihi, akiwa na watatu, hakustahili.

"Imekuwaje?" Nyadak aliuliza. Alikuwa amejifunza kunitazama ninapoacha kuandika.

Nilimwonyesha karatasi, nikamweleza kila namba, kwa sababu ni haki yake na kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kumpa. Alifuata kwa kidole hadi mstari wa chini.

"Kwa hivyo sasa tumepata nafuu," alisema.

"Kwa mujibu wa hesabu, ndiyo."

Bibi aliuliza jambo kutoka ndani kwa Kinuer. Nyadak aliinama kwenye mlango wa turubai, akamtafsiria hesabu hiyo kwa sauti kubwa ili asikie. Ilichukua maneno machache kuliko nilivyotarajia.